SOMO LA WAZAZI: KUJITAYARISHA KWA ALTRASAUNDI YA KATIKATI YA MIMBA



Katika somo la leo twataka kusema juu ya jambo ambalo bibi zetu hawakulijua, nalo sasa limekuwa la kawaida: kumtazama mtoto angali tumboni kwa chombo kiitwacho altrasaundi. Mama akifika kati ya juma la 18 na juma la 22 la mimba, mkunga humwambia, "Nenda ukapigwe picha." Naye huenda. Lakini wengi huenda pasipo kujua wanakwenda kutafuta nini, nao hurudi na karatasi wasiyoielewa. Wakiulizwa nyumbani, "Umeambiwaje?" hujibu neno moja tu: "Ni mwanamume," au, "Ni mwanamke." Kana kwamba safari yote ilikuwa kwa ajili ya neno hilo.

Sisi twasema safari hii ina neno kubwa kuliko hilo. Mtu aendaye kuuliza swali sharti awe tayari kwa jibu lake. Basi kujitayarisha kwa kipimo hiki ni mambo mawili. La kwanza ni kuutayarisha mwili, nayo ni kazi ya asubuhi moja. La pili ni kuitayarisha nyumba ipate kulipokea jibu, nayo ndiyo kazi yenyewe. Tutayasema yote mawili kwa utaratibu.

1. CHOMBO HIKI HUFANYAJE KAZI?

Mwenye kununua nazi sokoni Darajani haipasui kwanza. Huitikisa karibu na sikio, akasikiliza maji yake, ndipo ajue kama ni nzima. Altrasaundi nayo ni kazi ya sauti. Wengine huiogopa wakidhani ni eksirei, sivyo. Haina mionzi kama ile ya eksirei, wala haimkati mtu, wala haimchomi sindano.

Chombo hutoa sauti nyembamba mno. Sikio la mwanadamu halisikii mitetemo ipitayo 20,000 kwa sekunde moja. Chombo hiki hutetemeka mara milioni 2 hata milioni 5 na zaidi kwa sekunde hiyo moja. Sauti ile huingia mwilini kwa mwendo wa mita 1,540 hivi kwa sekunde, ikakuta mfupa, au nyama, au maji, kisha hurudi kama mwangwi. Nahodha hutupa bildi baharini apate kujua kina. Vivyo hivyo chombo hiki hupima muda wa mwangwi kurudi, kikajua kila kitu kiko umbali gani, kikachora picha. Maji huonekana meusi, na mfupa huonekana mweupe. Tena, kwa kuwa hewa huizuia sauti hii, mpimaji hupaka tumboni ute wa baridi, ili pasiwe na hewa kati ya chombo na ngozi. Baridi hiyo ndiyo tabu yote atakayoipata mama.

Kazi hii si ngeni. Mwaka 1958 daktari Ian Donald wa Glasgow, katika nchi ya Uskochi, pamoja na mwenzake John MacVicar na mhandisi Tom Brown, walitangaza habari zake katika jarida la madaktari liitwalo Lancet. Kabla ya hapo sauti ya namna hii ilitumiwa viwandani kutafuta nyufa zilizofichwa ndani ya chuma. Tangu mwaka ule waja wazito wasiohesabika wamepimwa, wala haijaonekana kwamba kipimo hiki humdhuru mtoto kikifanywa na mtu aliyefundishwa, tena kwa sababu ya afya. Hata hivyo si mchezo wa kurudiwa kila juma kwa kutaka kutazama sura. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilishauri kila mja mzito apimwe kwa altrasaundi angalau mara moja kabla ya juma la 24.

2. KWA NINI KATIKATI YA MIMBA?

Mapema sana mtoto ni mdogo, viungo vyake havijaonekana vema. Mwishoni amekuwa mkubwa, amebanwa, na mifupa yake huzuia sauti. Bali karibu na juma la 20 ana urefu wa sentimita 25 hivi toka utosini hata kisiginoni, na uzani wa gramu 300 hivi. Viungo vimekwisha kuumbika, na maji yanayomzunguka yampa nafasi ya kugeuka. Huo ndio wakati wa kumtazama.

Mpimaji hutazama mambo haya. Kwanza, kama mtoto ni mmoja au ni mapacha. Pili, kama moyo wapiga, na vyumba vyake vinne vipo. Tatu, kichwa na ubongo, uso na midomo. Nne, uti wa mgongo, pingili kwa pingili. Tano, tumbo, figo na kibofu. Sita, mikono na miguu. Saba, maji ya uzazi, kama ni mengi mno au machache mno. Nane, kondo limekaa mahali gani. Tena hupima kichwa, tumbo na mfupa wa paja, apate kukadiria umri wa mimba.

Juu ya umri huo tuna neno kwa watu wa Unguja. Mimba huhesabiwa siku 280, yaani majuma 40, tangu siku ya kwanza ya damu ya mwisho. Huku kwetu wengi huhesabu kwa mwezi mwandamo. Mama husema, "Ilikuwa kumi la kwanza la Mfungo Tatu." Hesabu hiyo si mbaya, lakini mwezi mwandamo una siku 29 au 30, na mkunga huandika kwa kalenda ya Januari hata Desemba. Mmoja akikosea kugeuza, mimba huzidishwa au hupunguzwa majuma. Altrasaundi ya katikati ya mimba yaweza kusahihisha kosa hilo, na kukosea kwake ni siku 10 hivi. Lakini mama akingoja mpaka miezi ya mwisho, kipimo chenyewe chaweza kukosea hata majuma matatu. Tena si jambo dogo. Mama akipandwa na presha ya damu, au siku za kuzaa zikipita, daktari hana budi kujua kama mtoto amekomaa au bado. Akidanganywa na hesabu, aweza kumtoa mapema asiyekomaa, au kumwacha aliyechelewa.

3. KUUTAYARISHA MWILI

Haya ndiyo mambo ya asubuhi ile.

Chakula: mama na ale kama kawaida. Kipimo hiki hakihitaji kufunga chakula.

Maji: na anywe maji. Kibofu kilichojaa huhitajika zaidi katika miezi ya kwanza. Katikati ya mimba mara nyingi si lazima kijae sana. Lakini mahali na mahali pana desturi yake, basi na aulize siku anapoandikiwa. Asijizuie haja hata aumwe.

Mavazi: na avae nguo mbili mbalimbali, blauzi na sketi, au blauzi na kanga, hata chini ya buibui, ili tumbo lifunuliwe pasipo kuvua vyote. Tena achukue kanga moja ya kujifunikia na kitambaa cha kufutia ute. Mama akiona haya kupimwa na mwanamume, na aulize mapema kama yupo mpimaji mwanamke. Asingoje mpaka amelala kitandani.

Vitu vya kuchukua: kadi ya kliniki, picha na karatasi za vipimo vya kwanza, kama zipo, kalenda yenye hesabu zote mbili, zile ambazo nyumba nyingi za Unguja hutundika ukutani, na fedha za nauli ya kwenda na kurudi. Bei ya kipimo na iulizwe kabla ya siku. Na azidishe nauli ya safari ya pili, maana mara nyingine mtoto hulala kwa namna isiyoonyesha mgongo au uso, na mama huambiwa atembee kidogo kisha arudi, au aje siku nyingine. Akiambiwa hivyo asitetemeke. Kurudishwa si dalili ya ubaya.

Mtu wa kufuatana naye: hili ni kubwa kuliko yote. Na aende na mumewe, au mama yake, au dada, au wifi. Masikio mawili hayatoshi siku ile. Mtu aliyeshtuka husikia neno la kwanza tu, mengine yote hupita kama upepo.

Kipimo chenyewe huchukua dakika 20 hata 45. Mpimaji aweza kunyamaza muda mrefu. Akina mama wengi huuogopa ukimya huo kuliko kitu chote, lakini mara nyingi ni ukimya wa mtu ahesabuye. Mwacheni ahesabu. Akiisha, muulizeni maswali haya manne, na afadhali yaandikwe nyumbani: Mimba ina majuma mangapi? Kondo limekaa wapi? Je, viungo vyote vimeonekana, au vipo ambavyo havikuonekana? Je, natakiwa kurudi, na lini? Juu ya mwanamume au mwanamke, ulizeni kama mpendavyo, lakini liwe swali la tano.

4. KUITAYARISHA NYUMBA IPATE KULIPOKEA JIBU

Majibu ni ya namna nyingi. Tutaeleza manne.

Jibu la kwanza ni hili: "Hatukuona tatizo." Ndilo wapatalo wengi, na ni la kushukuru. Lakini sikilizeni vema: hakusema, "Hakuna tatizo." Altrasaundi haioni yote. Kasoro nyingine za moyo hupita zisionekane. Haioni selimundu, wala uziwi, wala akili ya mtoto. Haipimi presha ya mama, wala damu yake, wala malaria. Kwa hiyo aliyepata jibu jema asiiache kliniki akidhani kazi imekwisha.

Jibu la pili: "Kondo limekaa chini." Maana yake, kondo li karibu na mlango wa uzazi au limeufunika. Likiwa hivyo katikati ya mimba, mara nyingi huonekana limepanda juu jinsi mji wa mimba unavyokua. Basi mama hurudi kutazamwa tena, karibu na juma la 32. Lakini likikaa pale pale likaufunika mlango, mtoto hana njia. Sharti atolewe kwa kupasuliwa, na kuzalia nyumbani ni hatari ya kufa kwa mama na mtoto. Tena akiona damu wakati wo wote, hata pasipo maumivu, aende hospitali saa ile ile, asingoje mapambazuko. Hapa nyumba yaulizwa: gari ni la nani? Usiku tutampigia nani simu? Aliye Tumbatu atavukaje kwenda Mkokotoni bahari ikichafuka? Je, tunaye ndugu mjini ambaye mama aweza kukaa kwake majuma ya mwisho? Haya huulizwa mchana, watu wameketi, si usiku damu ikitoka.

Jibu la tatu: "Ni mapacha." Watu hushangilia, nasi twashangilia nao. Lakini mapacha huzaliwa mapema mara nyingi, na mama yao ahitaji kutazamwa zaidi. Mapacha wanaoshirikiana kondo moja wana hatari zao wenyewe, na jambo hilo hutambulikana vizuri zaidi kabla ya juma la 14. Ndiyo sababu twasema: kliniki iendewe mapema, isingojwe miezi mitano.

Jibu la nne ni zito: "Twaona kichwa kina maji mengi," au, "Uti wa mgongo haukufunga." Watu wetu huita magonjwa haya kichwa kikubwa na mgongo wazi. Mara nyingi hufuatana. Mgongo wa mtoto hufunga katika siku 28 za kwanza tangu mimba kutungwa, wakati mama wengi hawajajua bado kwamba wana mimba. Kwa hiyo vidonge vya asidi ya foliki vifaavyo kuzuia mgongo wazi humezwa kabla ya mimba kutungwa, mikrogramu 400 kila siku, hata majuma 12. Mama aliyekwisha kuzaa mtoto wa namna hii huhitaji kipimo kikubwa zaidi kabla ya mimba nyingine, naye na amwone daktari kwa jambo hilo.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo tunapoona faida ya kujua mapema. Hospitali ya Mnazi Mmoja, iliyo ukingoni mwa Mji Mkongwe karibu na bahari, ndiyo hospitali kuu ya Unguja. Mwaka 2014 ilifunguliwa hapo taasisi ya upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo, ijulikanayo kwa jina la NED, kwa msaada wa wakfu ulioanzishwa na daktari José Piquer wa Hispania. Watoto wenye kichwa kikubwa na mgongo wazi hutibiwa hapo. Bara, taasisi ya MOI iliyopo Muhimbili, Dar es Salaam, nayo hufanya kazi hiyo. Na huko Mbale katika nchi ya Uganda, daktari Benjamin Warf alionyesha kwamba watoto wengi wenye maji kichwani waweza kufunguliwa njia ya maji ndani ya ubongo wenyewe, pasipo kutiwa mrija wa kudumu. Kwa hiyo neno la kichwa kikubwa si tena hukumu isiyo na rufaa.

Lakini mgongo ulio wazi hautaki kungoja. Yafaa ufungwe katika siku mbili au tatu za kwanza baada ya kuzaliwa, kabla uchafu haujaingia ukapanda hata kwenye ubongo. Natuweke mfano wa mama wawili wa shamba, wenye jibu moja. Wa kwanza aliikunja karatasi, akaitia chini ya godoro, asimwambie mtu, kwa kuwa aliogopa maneno ya watu. Akazaa nyumbani. Mgongo wa mtoto ukafungwa kitambaa na majani. Juma la pili mtoto akawa moto, ndipo wakatafuta gari. Wa pili aliirudisha karatasi kwa mkunga, akaandikiwa kwenda Mnazi Mmoja, akakaa kwa shangazi yake mjini majuma matatu ya mwisho. Mtoto alizaliwa mahali madaktari walipo, jeraha likafunikwa kwa kitambaa safi chenye maji ya chumvi ya hospitali, akapasuliwa siku ya pili. Hatusemi kwamba huyu wa pili atatembea kama wengine. Yamkini miguu itakuwa dhaifu, na kibofu kitataka kutunzwa maisha yake yote. Lakini amepewa nafasi ambayo wa kwanza alinyimwa, na aliyemnyima si ugonjwa, bali ni ile karatasi chini ya godoro.

Yako na majibu ambayo hayana dawa. Hatutawadanganya. Mtu akiambiwa hivyo, na aombe mtaalamu wa pili amtazame, aulize mpaka aelewe, wala asipewe shauri la haraka na watu wa mtaani. Hata pale ambapo hakuna la kufanya kwa mtoto, liko la kufanya kwa mama: asiwe peke yake.

5. PICHA PEKE YAKE HAIPONYI

Labda mtu atasema, "Basi tununue vyombo hivi, tuviweke kila kijiji, mambo yatakwisha." Twatamani viwe vingi. Lakini jambo hilo limejaribiwa. Katika nchi tano, nazo ni Kenya, Kongo, Zambia, Guatemala na Pakistan, wauguzi na wakunga walifundishwa, wakawapima waja wazito kwa altrasaundi vijijini. Habari za kazi hiyo zilitolewa mwaka 2018. Vifo havikupungua kuliko mahali pasipopimwa, wala waliozalia hospitalini hawakuongezeka. Kwa nini? Sisi twasoma hivi: jicho limeona, lakini njia, gari, damu ya kuongezewa na chumba cha upasuaji havikuongezeka kwa sababu jicho limeona. Taa huonyesha shimo, haimvushi mtu.

Sasa tutazame jambo jingine, lililofanyika hapa hapa Unguja mwaka 2009 na 2010. Daktari Stine Lund wa Denmaki na wenzake, pamoja na wakunga wa Zanzibar, walifuata waja wazito 2,550 katika vituo 24. Baadhi yao walitumiwa habari kwa simu ya mkononi, wakakumbushwa kliniki, tena wakapewa njia ya kumpigia mkunga. Miongoni mwa hao, 44 katika kila 100 walihudhuria kliniki mara nne au zaidi. Miongoni mwa wasiopigiwa ni 31 tu. Waliozalishwa na mtu aliyefundishwa walikuwa 60 katika kila 100, na upande wa pili 47. Ongezeko hilo la kuzalishwa lilionekana zaidi kwa wanawake wa mjini. Wa shamba bado walikuwa na shida ya njia. Hapa hapakuwa na chombo kikubwa. Palikuwa na sauti ya mtu ikiuliza, "Mama, umekwenda?"

Tukiyaunganisha mambo haya mawili, twapata somo letu. Chombo chaonyesha, watu ndio wavushao. Kazi ya altrasaundi huishia kwenye karatasi. Kuanzia hapo ni kazi ya nyumba, ya jirani na ya mkunga.

6. NENO KWA AKINA BABA, KWA BIBI, NA KWETU SISI

Akina baba, msiseme, "Hayo ni mambo ya wanawake." Nauli iko mkononi mwenu, na ruhusa mara nyingi iko kinywani mwenu. Mume aliyeketi ndani ya chumba kile akaona moyo wa mwanawe ukipiga, huwa mwepesi kutafuta gari usiku. Tena jibu likiwa baya, msimwulize mkeo, "Umefanya nini?" Hakufanya neno. Mgongo hufungwa au haufungwi katika siku ambazo yeye mwenyewe hakujua. Nanyi mwaijua habari ya yule aliyezaliwa kipofu, jinsi watu walivyotafuta mwenye kosa, nao wakakemewa.

Akina bibi, twawaheshimu, maana ninyi mlitukanda na kutulea. Twawaomba jambo moja: msiwaambie binti zenu kwamba karatasi ya hospitali huita mkosi. Mkosi hauletwi na kujua.

Na sisi wachungaji na wazee wa sharika, tuungame letu. Mwaka mmoja mama wa ushirika alikuja kutuaga akienda kupimwa. Tulimwambia, "Usiogope, hakuna neno." Tulisema kwa upendo, lakini tulisema tusilolijua. Neno likawapo: kondo lilikuwa limefunika mlango. Alirudi, akakaa majuma mawili asitwambie sisi wala mtu mwingine. Tulipomwuliza sababu, alisema, "Niliona haya, maana ninyi mlikwisha kusema hakuna neno." Alizaa salama kwa kupasuliwa. Lakini katika majuma yale mawili damu ingaliweza kumtoka usiku, na hapana mtu nyumbani aliyejua la kufanya. Maneno yetu mema yalikuwa yamemfungia mlango.

Tangu siku ile hatusemi tena hivyo. Mama akituaga, twamwambia, "Nenda; na lo lote utakaloambiwa, njoo utuambie siku ile ile." Twawaomba nanyi mseme hivyo, kila mtu kwa mkewe, kwa binti yake na kwa jirani yake.

MASWALI YA KUJIFUNZIA KATIKA VIKUNDI VYA AKINA MAMA NA AKINA BABA

1. Altrasaundi yatofautianaje na eksirei?

2. Kwa nini kipimo cha katikati ya mimba husahihisha hesabu ya siku kuliko kipimo cha miezi ya mwisho?

3. Taja maswali manne ambayo mama amwulize mpimaji.

4. Mpimaji akisema, "Hatukuona tatizo," amesema nini, na hakusema nini?

5. Katika mtaa wenu, mja mzito akitokwa na damu saa nane za usiku, nani ana gari au mashua, na namba yake ya simu i wapi? Kama hamwezi kulijibu swali hili, msiondoke kikaoni mpaka mmeandika jina moja.